Runge: alipata kilichofichama ndani ya kahawa, lakini alikufa maskini

Kuanzia Bunia mpaka Kalemie, mtu anaamka asubuhi, anakunywa kikombe cha kahawa ao cha chai, na macho yanafunguka. Kitu kinachofanya kazi ile kinaitwa kafeini. Mtu wa kwanza aliyekitenga na mbegu za kahawa alikuwa Mjerumani mmoja, Friedlieb Ferdinand Runge, kijana wa miaka 25. Kiisha alipata vitu vingine ambavyo vilibadilisha viwanda na hospitali za dunia nzima. Lakini alipokufa mwaka wa 1867 hakuwa na kitu, na wakubwa wa uzine alikotumika karibu miaka 20 walikuwa wamekwisha kumfukuza. Haya ndiyo maisha yake.

Mtoto wa mchungaji

Runge alizaliwa mwezi wa 2 mwaka wa 1794 huko Billwerder, karibu na muji wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na feza ilikuwa kidogo. Kwa hiyo kijana hakuendelea na masomo marefu. Alipelekwa Lübeck, katika farmasi ya mtu wa jamaa yake, kujifunza kazi.

Farmasi ya wakati ule haikuwa duka la kuuza vidonge vilivyotoka kiwandani. Dawa zilitengenezwa palepale. Kijana wa kazi alitwanga majani na mizizi, alichemsha, alichuja, alipima kwa mizani. Mtu aliyekosea kipimo aliweza kuua mgonjwa. Runge alikaa katika kazi ile miaka kadhaa, na pale ndipo mikono yake ilijifunza mambo ambayo baadaye wanafunzi wengi wa chuo kikuu hawakuyajua: namna ya kukamua mmea na kubakisha kile tu unachokitafuta.

Ulikuwa wakati wa vita. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameingia Lübeck na Hamburg, na Wafaransa walikuwa wamekataza bidhaa za Waingereza kuingia Ulaya. Kahawa na sukari zilikuwa haba kabisa. Watu walikaanga mizizi ya mmea uitwao shikori, wakakunywa maji yake meusi na kujifariji kwamba ni kahawa.

Tone moja katika jicho

Siku moja, akiwa katika kazi, tone la maji ya mmea wenye sumu lilimrukia Runge katika jicho. Ulikuwa mmea wa ukoo wa tumbaku na nyanya. Jicho halikuuma sana, lakini aliona kila kitu kama katika ukungu. Alipojitazama katika kioo aliona mboni ya lile jicho imefunguka, imekuwa kubwa sana, na ile ya jicho lingine imebaki ndogo sawa kawaida.

Mtu mwingine angenawa uso na kusahau. Runge aliweka jambo lile katika akili. Alijiuliza: ikiwa tone moja linaweza kufungua mboni namna hii, basi jicho linaweza kuwa shahidi. Mtu akiuawa kwa sumu ya mimea ile, na munganga akikosa alama yoyote katika mwili, anaweza kuchukua kidogo ya kilichokuwa tumboni mwa marehemu na kukitia katika jicho la mnyama. Mboni ikifunguka, sumu imejionyesha yenyewe.

Alipoacha farmasi, vita ikiwa imekwisha, Runge aliingia chuo kikuu. Alisoma uganga Berlin, kiisha Göttingen, kiisha Jena. Katika Jena alifanya kazi yake ya udaktari juu ya sumu ya beladona, mmea ambao watu wa Ulaya waliuogopa tangu zamani. Mnyama wake wa majaribio alikuwa paka. Marafiki zake, kwa sababu ya kumwona kila siku katikati ya sumu, walimpa jina la utani la Daktari Sumu.

Mpaka leo, mgonjwa akienda kupima macho kwa munganga, mara mingi anawekewa matone ya kufungua mboni ili munganga aone ndani. Dawa moja ya kazi hiyo, atropini, ndiyo inayopatikana katika beladona.

Paka katika soko la Jena

Profesa wa kemia katika Jena alikuwa Johann Wolfgang Döbereiner. Yeye pia alikuwa mtu wa familia ya chini, mtoto wa mwendesha magari ya farasi, na yeye pia alianza maisha katika farmasi. Mtu aliyemsaidia kupata nafasi ya kufundisha alikuwa Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkubwa wa Ujerumani na mshauri wa mtawala wa Weimar. Goethe hakuandika mashairi na vitabu tu. Alipenda kuchunguza mimea, mawe na rangi, na chuo cha Jena kilikuwa chini ya uangalizi wake.

Döbereiner alimwambia Goethe kuhusu yule mwanafunzi na jaribio lake la jicho. Mzee akataka kuona kwa macho yake.

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 1819, Runge alivaa koti refu la heshima na kofia ndefu, vyote vya kuazima, maana hakuwa na vyake. Akamchukua paka wake chini ya kwapa, akapita katikati ya soko la Jena. Wanafunzi waliokuwa pale walisimama kushangaa. Kijana waliyemzoea katika nguo za kila siku, leo amevaa kama bwana harusi, na kwapani amebana paka.

Goethe alikuwa na miaka 70. Alipokea mgeni wake kwa heshima, akamtazama paka: mboni moja ilikuwa kubwa, nyingine nyembamba. Aliuliza maswali, akasikiliza majibu, na akafurahi sana. Runge alieleza pia namna alivyofikia jambo lile, tangu siku ya lile tone.

Sanduku la kahawa

Mazungumzo yalipofika mwisho, Goethe alichukua sanduku dogo la mbegu za kahawa. Zilikuwa zimetumwa kwake kutoka mbali, kama zawadi ya pekee. Akampa Runge, akamshauri azichunguze pia.

Runge alishukuru, akaaga, akaelekea mlangoni na sanduku lake. Kwa furaha alimsahau paka. Ilibidi Goethe mwenyewe amkumbushe kwamba anamwacha msaidizi wake nyuma. Habari hizi zote zinajulikana kwa sababu Runge alizisimulia mwenyewe akiwa mzee, katika barua alizoandika kwa ajili ya watu wa kawaida.

Zawadi ile ilikuja kwa wakati unaofaa. Miaka miwili tu mbele, 1817, mfamasia mwingine wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alikuwa ametangaza namna alivyotenga mofini na maji ya afyuni. Hiyo ilifungulia watu wa sayansi njia mpya: nguvu ya mmea inaweza kuwa ndani ya kitu kimoja, na kitu hicho kinaweza kutolewa, kusafishwa, kupimwa. Kabla ya hapo, watu walijua kwamba kahawa inafukuza usingizi, lakini sababu hakuna aliyeijua.

Runge alitumia ujuzi wake wa farmasi juu ya mbegu za Goethe, na hakuchukua muda mrefu. Alipata kitu cheupe, kinachong'aa sawa sindano ndogo ndogo, kisicho na harufu na chenye uchungu katika ulimi. Mwaka wa 1820 alikitangaza katika kitabu chake juu ya vitu vipya alivyovipata katika mimea. Alikiita kwa jina la kahawa yenyewe, na jina lile ndilo lililobadilika kuwa kafeini. Mwaka wa 1821, huko Paris, Robiquet, Pelletier na Caventou nao walifika pale pale kwa njia yao wenyewe.

Miaka ile Runge alichunguza pia ganda la mti wa kinkina, ule unaotibu homa ya malaria. Lakini waliotoa kinini na kuitangaza mwaka wa 1820 walikuwa Pelletier na Caventou, na sifa ilibaki kwao. Watu wa Bukavu wanaujua mti huo vizuri: umelimwa katika Kivu kwa miaka mingi kwa ajili ya kutengeneza dawa hiyo hiyo.

Ndugu watatu katika kahawa, kakao na chai

Mlango ambao Runge alifungua uliingiza wengine. Mwaka wa 1838 iligunduliwa kwamba kile kitu kilichokuwa kimepatikana katika majani ya chai na kupewa jina lake peke yake, kwa kweli kilikuwa kafeini ile ile. Mwaka wa 1841 Mrusi Alexander Woskresensky alichunguza mbegu za kakao, akapata kitu kinachofanana na kafeini lakini si kafeini. Kikaitwa teobromini, kufuatana na jina la kisayansi la mti wa kakao, Theobroma, maana yake chakula cha miungu. Mwaka wa 1888 Mjerumani Albrecht Kossel alitoa katika chai ndugu wa tatu, teofilini.

Mtu aliyeonyesha wazi ginsi hawa watatu wamejengwa ni Emil Fischer, Mjerumani pia. Mwaka wa 1895 alifaulu kutengeneza kafeini katika laboratuari bila mbegu moja ya kahawa. Miaka michache baadaye, 1902, alipewa Tuzo la Nobel kwa kazi hiyo na kazi yake juu ya sukari. Runge hakuiona siku ile.

Tofauti kati ya hawa ndugu ni kidogo. Wote wana mfupa mmoja. Kafeini ina vitawi vitatu vidogo vilivyoshikana na mfupa ule. Teobromini na teofilini zina viwili viwili, lakini havikukaa mahali pamoja. Tofauti ile ndogo inabadilisha kazi katika mwili. Kafeini inaamsha akili. Teobromini inaamsha polepole na kwa nguvu ndogo, inapanua mishipa ya damu na kuongeza mkojo. Teofilini inafungua njia za pumzi, na kwa miaka mingi waganga waliitumia kwa wagonjwa wa asima. Kafeini nayo inatumika hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, ili wasisahau kupumua.

Namna kafeini inavyofukuza usingizi ilieleweka nyuma sana, katika karne ya 20. Mtu akiwa macho, kitu kiitwacho adenosini kinajikusanya katika ubongo saa kwa saa. Kinaingia katika nafasi zake sawa ufunguo katika kufuli, na mwili unaanza kusikia uchovu. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini. Inaingia katika kufuli ile, inaziba nafasi, lakini haigeuzi ufunguo. Uchovu unabaki pale pale inje ya mlango, unangojea. Ndiyo maana kahawa haiwezi kuchukua nafasi ya usingizi: inauchelewesha tu.

Kwa mimea yenyewe, kafeini ni silaha. Ni sumu kwa wadudu wengi wanaotafuna majani na mbegu. Kwa mbwa, teobromini ni hatari, maana mwili wake unachelewa sana kuiondoa. Mwenye kupenda mbwa wake asimpe shokola. Kwa mtu mzima mwenye afya, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanasema kafeini isipite miligramu 400 kwa siku, na kwa mama mjamzito isipite 200. Kikombe kimoja cha kahawa kinaweza kuwa na miligramu 80 mpaka 100. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa katika chupa vina kafeini pia, na mara mingi sukari nyingi.

Mukulima wa Lubero, wa Kalehe ao wa kisiwa cha Idjwi anapochuma arabika, mbegu zake zina kafeini ya karibu asilimia 1.2. Robusta ina karibu mara mbili ya hiyo. Mti wa robusta unaota wenyewe katika misitu ya bonde la Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbegu zake zilipelekwa mpaka Java, Asia, kwa sababu ugonjwa wa kutu ulikuwa umeharibu arabika kule. Kakao ya Beni na ya Mambasa inabeba teobromini. Katika viwanda vinavyotengeneza kahawa isiyofukuza usingizi, kafeini inayotolewa haitupwi: inauzwa kwa watengenezaji wa vinywaji na wa dawa.

Utajiri katika takataka

Kiisha Jena, Runge alirudi Berlin, akapata udaktari wa pili kwa kazi yake juu ya nili, ile rangi ya buluu ya nguo. Alisafiri katika inchi za Ulaya, akaona viwanda vya Paris. Mwaka wa 1828 akawa profesa Breslau. Lakini alipendelea kutumika na kiwanda kuliko kukaa darasani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 aliacha chuo, akaenda Oranienburg, muji mdogo kaskazini mwa Berlin.

Pale kulikuwa uzine ya kemia, na ilikuwa imewekwa ndani ya jumba la zamani la kifalme. Katika vyumba ambamo zamani wakubwa walikuwa wakicheza na kula karamu, sasa kulitengenezwa asidi. Baadaye uzine iliingia mikononi mwa benki ya biashara ya serikali ya Prussia.

Miji ya wakati ule ilikuwa imeanza kuwasha taa za gesi barabarani. Gesi ilitoka katika makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa. Baada ya kutoa gesi, kulibaki gudro: kitu kizito, cheusi, chenye kunuka. Hakuna aliyejua la kukifanya. Kilikuwa takataka tu.

Runge alikitendea sawa vile alivyotendea kahawa. Alikipasha moto, akakitenganisha, akajaribu kila sehemu. Mwaka wa 1834 alitangaza alichokikuta. Kulikuwa mafuta yanayogeuka rangi ya buluu nzuri yakichanganywa na chokaa yenye klorini. Leo yanaitwa anilini. Kulikuwa asidi aliyoiita ya kaboliki. Leo inaitwa fenoli. Kulikuwa pia kwinolini na piroli. Mtu mmoja, katika muji mdogo, akapata katika takataka moja vitu vinne ambavyo kemia ya karne nzima ingejengwa juu yake.

Runge aliona faida iliyokuwamo. Kama mafuta ya gudro yanatoa rangi, basi rangi za nguo zinaweza kutengenezwa kwa wingi kwa kitu ambacho kinatupwa bure. Alipeleka wazo lake kwa wakubwa wa uzine. Walikataa. Mkubwa wa biashara hakuona faida, na Runge hakuwa na uwezo wa kuamua, wala feza ya kuanza peke yake.

Miaka 22 ilipita. Mwaka wa 1856, London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kinini kwa kutumia anilini ya gudro. Hakupata kinini. Alipata rangi ya zambarau. Akaisajili kwa jina lake, baba yake akamsaidia kujenga kiwanda, akatajirika. Kiisha yeye, Wajerumani wakaamka: katika miaka ya 1860 zilianzishwa Bayer, Hoechst na BASF, kampuni zilizoanza kwa rangi za gudro na baadaye zikawa kubwa kati ya kubwa za dunia. Wakati huo Runge alikuwa bado hai, katika muji ule ule wa Oranienburg.

Kufukuzwa kazi

Mwaka wa 1850 benki iliuza uzine. Mnunuzi alikuwa yule yule aliyekuwa mkubwa wa biashara, na kati yake na Runge hakukuwa mapatano. Mwaka wa 1852 Runge alifukuzwa. Alikuwa na miaka 58.

Katika ile miaka karibu 20, alikuwa ametengenezea uzine mambo mengi zaidi ya gudro. Aliandika vitabu vikubwa juu ya kemia ya rangi za nguo, alisaidia katika utengenezaji wa mishumaa na vitu vingine vya kuuza. Vyote vilikuwa kazi ya mutumishi, na faida ilibaki kwa mwenye uzine. Alipewa pensheni ndogo, na hiyo nayo ilimletea usumbufu na wenye uzine. Hakuwa na mke wala watoto wa kumsaidia katika uzee.

Ni jambo ambalo wafanyakazi wa kampuni za zamani katika majimbo ya mashariki wanalifahamu bila kuelezwa. Mtu anatoa nguvu na akili zake miaka mingi, uzine inabadilisha mwenyewe, na kesho yake jina lake halipo tena katika orodha.

Picha zinazojichora na barua za jikoni

Runge hakukaa kulia. Nyumbani, bila laboratuari kubwa, aliendelea na mchezo aliokuwa ameuanza zamani: alidondosha maji ya chumvi mbalimbali za kemia juu ya karatasi inayonyonya. Matone yalitembea ndani ya karatasi, kila moja kwa mwendo wake, yakakutana, yakachora duara na maua ya rangi ambayo hakuna mkono uliyachora. Mwaka wa 1855 alitoa kitabu chenye picha hizo za kweli, zilizotengenezwa moja moja kwa ajili ya kila nakala. Aliamini kwamba ndani ya vitu kuna nguvu inayovisukuma kujitengenezea umbo.

Maelezo yake juu ya nguvu hiyo hayakukubaliwa. Lakini kile alichokiona, kwamba karatasi inaweza kutenganisha vitu vilivyochanganyika, kilikuja kuwa njia kubwa ya kupima katika karne ya 20. Wanafunzi wa sekondari wanaotia tone la wino juu ya karatasi na kuona rangi zinaachana, wanafanya ndugu ya jaribio la Runge.

Kiisha aliwaandikia watu wa nyumbani. Barua zake za kazi za nyumba, zilizotoka 1866, zilieleza namna ya kutoa madoa katika nguo, kuondoa kutu, kuhifadhi nyama na kutengeneza divai ya matunda. Mtu aliyekuwa profesa hakuona haya kuzungumza juu ya jiko. Katika barua hizo ndipo alisimulia habari ya Goethe, ya sanduku la kahawa na ya paka aliyesahauliwa.

Mwezi wa tatu, mwaka wa 1867

Friedlieb Ferdinand Runge alikufa Oranienburg tarehe 25 mwezi wa 3 mwaka wa 1867, akiwa na miaka 73. Mwezi ule ule, gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilianza kutoa maandishi ya Joseph Lister, munganga mpasuaji wa Glasgow. Lister alieleza namna alivyosafisha vidonda vya watu waliovunjika mifupa, vidonda ambavyo zamani vilioza na kuleta kifo ao kukatwa mguu. Dawa aliyotumia ilikuwa asidi ya kaboliki, ile ile ambayo Runge aliitoa katika gudro miaka 33 mbele. Toka hapo, kusafisha vyombo, mikono na vidonda kukawa sheria ya upasuaji.

Leo Oranienburg inamkumbuka. Shule ya sekondari ya muji ule ina jina lake. Tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka wa 2019, siku ya kutimiza miaka 225 tangu kuzaliwa kwake, Google iliweka mchoro wa kumkumbuka katika ukurasa wake wa kwanza, na watu wengi walisikia jina lake mara ya kwanza siku ile.

Jina lake halikuandikwa juu ya pakiti ya kahawa wala juu ya chupa ya kinywaji chochote. Lakini kafeini inaendelea kuuzwa kwa tani, na sehemu kubwa ya ile ya vinywaji sasa inatengenezwa katika viwanda bila mti wowote wa kahawa. Aliyeona ya kwanza aliipata kwa mbegu za zawadi zilizojaa sanduku moja dogo, na kwa ujuzi alioanza kujifunza akitwanga majani katika farmasi ya Lübeck.